Mistari Mitatu

Kisu kilifika Dar es Salaam ndani ya kikapu cha ndizi, kimeviringishwa kwenye gazeti na kufungwa kamba ya katani. Baba mdogo alinikabidhi pamoja na maagizo ya bibi, ambayo yalikuwa mafupi: "Kitie mpini. Basi."

Mimi sikuishia kwenye mpini.

Kwa macho ya mtu yeyote kilikuwa kisu cha kawaida. Bapa lake lilikuwa na urefu wa sentimita 18, jeusi, limeliwa katikati na miaka ya kunolewa juu ya jiwe hadi likawa na kiuno. Mpini wa mpera ulikuwa umepasuka kwa urefu, na bibi alikuwa ameuzungushia ukanda wa mpira wa baiskeli. Likizo zote za Desemba nilizokwenda kwake Ugweno, kisu hicho ndicho kilichomenya ndizi, kikakata nyama, kikachonga kigingi cha kufungia mbuzi. Karibu na mpini, upande mmoja wa bapa, palikuwa na mistari mitatu mifupi iliyokaa sambamba. Niliipitishia kidole gumba nikadhani ni makovu tu.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu biashara ya chuma kati ya Ugweno na Uchagga kabla ya ukoloni. Kwa hiyo kosa nililolifanya siwezi kulisingizia ujinga.

*

Nyuma ya nyumba yetu kuna stoo ambayo baba aliijenga kuhifadhia saruji wakati wa ujenzi. Saruji ilipokwisha nikaigeuza karakana. Ina meza ya mbao za masanduku, jiliwa la mtumba kutoka Gerezani, tupa tatu, drili, na grainda ambayo si yangu: naiazima kwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti. Nilianza kwa kuondoa mipini ya plastiki kwenye visu vya dukani na kuweka ya mninga. Baadaye nikanaswa na zile video za watu wanaookota kisu chenye kutu na, dakika kumi na tano baadaye, wanakuonyesha bapa linalong'aa kama kioo. Zote zina mwisho mmoja: kutu imekwisha, na sura ya fundi inaonekana ndani ya chuma.

Nilianza na mpini, kwa heshima zote. Niliupiga picha pande nne kabla ya kuutoa. Nikapima urefu na unene wake, nikautia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Niliona kwamba historia ya kisu imo kwenye mbao, kwa kuwa mbao ndizo zilizoshikwa na mikono. Bapa sikulipiga picha hata moja.

Mpini mpya niliutaka wa mpingo. Nilikwenda Mwenge kwa wachongaji, nikanunua kipande cha masalia kilichotosha ganja la mkono. Mpingo ni mti wa kiburi. Ukiutupa majini unazama, na ukiutoboa kwa haraka biti inatoa moshi. Vumbi lake linawasha pua na ngozi, hivyo nilifanya kazi nimefunga kitambaa usoni. Nilitoboa tundu la kuingizia msuka, yaani ule mkia wa bapa unaojificha ndani ya mpini, nikaujaribu, nikapanua kidogo, nikaujaribu tena. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi nzima, na mpaka leo naiona ni kazi nzuri.

Jumapili niliwasha grainda.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni akiisubiri mashine yake. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya jiliwa, nikilisafisha bapa kwa diski ya msasa kutoka kwenye mpini kuelekea ncha. Weusi ulikuwa unaondoka na weupe unatokea, na raha ya kuuona weupe ule ilinipumbaza. Sikumbuki ni wakati gani hasa diski ilipita juu ya ile mistari mitatu. Ninachokumbuka ni ncha. Nilisahau kuichovya kwenye ndoo ya maji, ikageuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Nikazima mashine moyo ukinidunda. Kwenye kisu cha feleji, buluu ni msiba. Maana yake joto limekaribia nyuzi 300 na ule ugumu aliouweka mhunzi umelegea.

"Dada, usiogope," fundi akasema. "Hiyo siyo springi."

"Umejuaje?"

"Springi ikiguswa inatoa maua. Hii ilikuwa inatoa nyuzi."

Alikuwa akitazama cheche. Yeye hutengeneza mapanga kwa springi za magari, na macho yake yamezoea. Chuma chenye kaboni nyingi, kama springi yenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, kikisagwa hutoa cheche fupi zinazopasukapasuka kama nyota. Chuma laini kisicho na kaboni ya kutosha hutoa cheche ndefu, zimenyooka, na chache tu hupasuka. Kwa chuma cha namna hiyo, buluu haina hasara kubwa, kwa sababu hapakuwa na ugumu wa kupoteza. Kisu cha bibi hakikuwahi kuwa kigumu. Ndiyo maana alikinoa karibu kila siku, na ndiyo maana kilikuwa na kiuno.

Ningeweza kuacha hapo. Nikaendelea na msasa wa maji: namba 240, 400, 800, 1500. Bapa likaanza kung'aa, lakini ndani yake zikabaki nyuzi nyembamba nyeusi zilizolala kwa urefu, kuanzia mpini hadi ncha. Nilidhani ni mikwaruzo, nikarudi kwenye namba 240. Nyuzi zikabaki. Nikalisugua hadi vidole vikafa ganzi. Zikabaki. Mwishowe nikakamua ndimu sita kwenye bakuli bapa, nikakilaza kisu humo nusu saa. Nilipokitoa, chuma kilikuwa na mistari kama ya mbao: mawimbi ya kijivu yaliyofuatana, yakipishana na nyuzi zile nyeusi.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo. Mambo haya nimeyasoma vitabuni kwa miaka miwili, na sikuwahi kuyashika.

*

Nyuzi zile ni mavi ya chuma.

Wahunzi wa zamani hawakuyeyusha chuma. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, joto ambalo tanuri la udongo halikukusudiwa kulifikia. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe, ambao kwenye nyuzi kama 1,200 unatiririka na kujitenga. Chuma chenyewe kinabaki bonge lenye matundu kama sifongo, na uchafu mwingine umenasa ndani. Kazi inayobaki ni ya nyundo: kupasha na kugonga, kupasha na kugonga, mpaka mavi yatoke. Hayatoki yote. Yanayobaki yananyooshwa pamoja na chuma na kuwa nyuzi. Springi haina nyuzi hizo, wala panga la kiwandani halina.

Ugweno, upande wa kaskazini wa milima ya Upare, kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Washana. Malighafi yao ilikuwa mchanga mweusi uliokusanywa kwenye vijito na kuoshwa mpaka ubaki ule mzito. Ukiwa na kipande cha sumaku unaweza kuuona hata leo: unauinamia na unakurukia. Waliutia tanurini pamoja na makaa, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Wachagga, waliokuwa na wahunzi hodari wao wenyewe, walitegemea chuma cha Upare kwa majembe na mikuki yao. Njia ya chuma hicho ndiyo mada ya tasnifu yangu.

Washana hawakuwa wahunzi tu. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1969 kitabu cha historia ya siasa ya Wapare kuanzia karibu mwaka 1500 hadi 1900. Humo anaeleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno kwanza, hadi Wasuya wakiongozwa na Angovi walipowapindua katika karne ya 16, na mwanawe Mranga akaupanga upya utawala. Wahunzi walipoteza kiti lakini hawakupoteza nyundo. Mtawala mpya naye alihitaji jembe.

Kinachonivutia zaidi ni namna Kimambo alivyoyapata hayo. Hapakuwa na hati za karne ya 16 za kusoma. Alikaa na wazee, akasikiliza, akalinganisha ukoo na ukoo, kizazi na kizazi. Miaka michache baadaye, Buhaya, magharibi mwa Ziwa Nyanza, wanaakiolojia walifika kwenye elimu ile ile kwa njia nyingine. Wazee waliokumbuka kazi ya ujanani walijenga tanuri upya na kufua chuma mbele yao, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaeleza matokeo yake kwenye jarida la Science. Walipolilinganisha lile la wazee na mabaki ya matanuri ya kale yaliyofukuliwa, walipata elimu ambayo udongo peke yake usingewapa.

Katika sehemu nyingi, Buhaya ikiwamo, mwanamke hakuruhusiwa kukaribia tanuri wakati chuma kinazaliwa. Nililifikiria hilo nikiwa sakafuni, nimefunga kitambaa, nywele zimejaa vumbi la chuma.

Kufikia wakati bibi anazaliwa, matanuri yalikuwa yanazimika. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilipita chini ya milima ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911, ikaleta majembe ya Ulaya yaliyouzwa kwa bei ambayo mtu wa makaa na mivukuto asingeiweza. Baadaye tukapata majembe yetu ya kiwandani, yale ya UFI kutoka Ubungo. Wahunzi waliobaki wakawa watu wa vyuma chakavu.

Basi chuma cha kisu cha bibi kilitoka wapi? Cheche ziliondoa springi, na nyuzi ziliondoa kiwanda cha karne ya 20. Lakini hazikuniruhusu kupiga kelele za ushindi. Ulaya nayo, tangu Henry Cort alipopata hati ya ugunduzi wake mwaka 1784, ilikuwa ikitengeneza chuma cha kukorogwa tanurini chenye nyuzi za namna hiyo hiyo, na misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani na Mombasa kwenda Kilimanjaro ilibeba nyaya na vyuma vya Ulaya. Chuma hakitaji ukoo wake. Hata hivyo nilikuwa na kisu cha chuma cha kale mkononi, na mwanzo wa sura mpya ya tasnifu kichwani. Niliunganisha mpini kwa gundi ya vichupa viwili, nikaupaka mafuta, na Ijumaa nikapanda basi.

*

Kutoka Mwanga mjini unapanda mlima kwa Noah iliyojaa watu na magunia. Ukifika juu, Ziwa Jipe linaonekana chini, na ng'ambo yake ni Kenya. Bibi alikuwa barazani anapembua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeniletea mali yangu?"

Hunitania hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa sababu babu aliniita mchumba wake. Nilikitoa kisu kwenye kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa na maneno: Washana, mchanga mweusi, ndimu. Nilimwonyesha mawimbi ya chuma yakicheza juani. Alikipokea, akakigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha upande wa kwanza. Akapitisha kidole gumba karibu na mpini, pale pale nilipopitisha changu.

"Hiki siyo changu," akasema.

"Ni chenyewe bibi. Nimekisafisha."

"Changu kina mistari mitatu."

Nikawa sina la kusema. Yeye hakukasirika, alianza tu kunieleza, kama mtu anayemweleza karani mahali jina lake lilipokosewa. Baba mkwe wake alikuwa na jembe la zamani, alilolirithi, lililochakaa hadi likawa halifai kulimia. Alikuwa na wana watatu. Alilipeleka kwa mhunzi likakatwa likafuliwa visu vitatu, kimoja kwa ajili ya mke wa kila mwana. Bibi aliolewa mwaka 1957, na kisu chake alikikuta kinamsubiri. Cha mke wa mwana mkubwa kilikuwa na mstari mmoja, cha mke wa mwana wa pili miwili, chake mitatu. Kukiwa na msiba au harusi wanawake walipika pamoja, visu vikachanganyika kwenye damu na maganda. Usiku kila mmoja aliokota chake kwa kupapasa.

"Taa zilikuwa hazipo," akasema. "Tulisoma kwa kidole."

Kisu cha mstari mmoja kilipotea kwenye matanga fulani, na watu wakanuniana mwaka mzima. Cha miwili kilinolewa mpaka kikaisha. Wale wanawake wawili wamekufa. Kikabaki cha mitatu.

Nilipokuwa nikipapasa ile alama Dar es Salaam, kama ningeiona kuwa ni alama, najua ningeandika nini. Ningeandika kwamba ni nembo ya mhunzi. Ningelinganisha na vitu vya makumbusho, ningeweka tanbihi. Nilikuwa natafuta Washana na misafara, na alama ilikuwa ya wanawake watatu wasiotaka kugombana.

"Na mpini, bibi? Ule wa mpera nimeutunza."

Akacheka. "Wa nini? Huo ni wa nne. Nilikata mwenyewe nyuma ya choo."

Kwa hiyo bahasha yangu yenye tarehe ilikuwa na tawi la mpera la juzi juzi. Mpini hubadilishwa kila unapooza. Bapa ndilo nililoambiwa nisiliguse, kwa neno moja ambalo sikulisikia vizuri: basi.

*

Jioni ile bibi alitaka mistari yake. Nilikuwa na tupa ndogo ya pembe tatu kwenye begi, na nikajikuta nabishana na bibi wa miaka themanini na kitu kuhusu ushahidi. Nilimwambia mistari nitakayokata itakuwa ya uongo. Mtu atakayekishika kisu miaka mia ijayo atadhani ni ya mhunzi yule. Tunafundishwa kwamba hati iliyoharibika huachwa ilivyoharibika. Anayeijaza kwa mkono wake ameghushi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kisu ni cha nani?" akauliza.

"Chako."

"Mistari ni ya nani?"

Nililaza kisu juu ya kigoda, yeye akakishikilia kwa mikono miwili. Chuma kilikuwa laini kuliko nilivyotarajia. Tupa iliingia kama kwenye mbao mbichi. Mstari wa kwanza ulipinda. Wa pili ulikaa sawa. Wa tatu nilimpa akate mwenyewe, akakata kwa nguvu na kuufanya mrefu kuliko yote. Akapapasa. Akaridhika.

Bado sijui kama nilifanya vibaya. Najua kwamba niliyemdhulumu kwa grainda ni yeye, na aliyekuwa na haki ya kusema tufanye nini ni yeye. Najua pia kwamba yule mtu wa miaka mia ijayo naye ana haki yake. Kwa ajili yake naandika haya: mistari mitatu iliyo kwenye bapa hili ilikatwa upya kwa tupa, barazani, na watu wawili. Ya kwanza ilikatwa na mhunzi ambaye bibi hakumwona, na niliifuta mimi.

Kwenye tasnifu yangu nilikuwa na aya inayohesabu majembe ya Ugweno kama bidhaa: yalitoka wapi, yalikwenda wapi, yalibadilishwa kwa nini. Nimeiongezea swali moja ambalo msimamizi wangu amelizungushia duara kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, "Utalijibu vipi?" Swali lenyewe ni jembe lilifanya nini baada ya kuacha kuwa jembe. Jibu haliko kwenye nyaraka. Liko kwa wanawake waliovipapasa visu gizani, na wengi wao ni wa umri wa bibi. Mwezi ujao nakwenda tena na kinasa sauti, na orodha ya nyumba kumi na moja aliyonitajia.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Alisema kisu kinakata vizuri ila kizito nyuma, na mpini unateleza mkono ukiwa na utomvu. Nikatazama. Mpingo wangu, ule niliouhangaikia Jumamosi nzima, ulikuwa tayari umezungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli.